Kielelezo cha pande tatu katika upasuaji wa saratani ya mapafu: maswali ya wasomaji wa Moshi

Kielelezo hicho ni kitu gani?

Ni umbo la pafu la mgonjwa mwenyewe, si la kitabuni, linalojengwa na kompyuta kutokana na picha zake za CT scan. Kipimo hicho hukionyesha kifua katika vipande vyembamba, mara nyingi vya milimita 1 hivi, kama mkate wa slesi. Kisha programu hutenganisha mishipa ya damu (ateri na veni), njia za hewa na uvimbe, kila kimoja kikapewa rangi yake. Daktari hukigeuzageuza kwenye skrini, au hukichapisha kwa plastiki akakishika mkononi.

Kwani picha zenyewe hazitoshi?

Madaktari bingwa wengi wamezitegemea miaka mingi, wakiziunganisha kichwani moja baada ya moja. Ugumu uko kwenye matawi. Pafu la kulia lina sehemu kuu tatu na la kushoto mbili, na kila sehemu imegawanyika katika visehemu vyenye ateri na njia yao ya hewa. Aliyekulia mteremko wa Kilimanjaro aukumbuke mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia: hugawanyika hadi kila kihamba, shamba la familia, kipate maji yake, na ukiziba tawi moja, kihamba kimoja hukauka huku vya jirani vikiendelea kunyweshwa. Tofauti ni kwamba matawi ya pafu hayafanani kwa watu wote, na ateri iliyochepuka isikotarajiwa, ikikatwa kwa kutojua, huvuja damu nyingi au huinyima damu sehemu iliyo nzima. Mchepuko huo ni afadhali uonekane kabla mgonjwa hajalazwa mezani.

Mgonjwa anafaidika vipi?

Uvimbe ukiwa mdogo, huenda kikatolewa kisehemu tu. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2022, wenye wagonjwa 1,106 waliokuwa na uvimbe usiozidi sentimita 2 pembezoni mwa pafu, ulionyesha kwamba waliotolewa kisehemu hawakuishi muda mfupi kuliko waliotolewa sehemu kuu nzima, ingawa saratani iliwarudia palepale kifuani mara nyingi zaidi. Ndiyo maana mpaka wa kukata hupimwa kwa makini, na hapo ndipo naona kielelezo kinastahili gharama yake.

Kina kasoro?

Kinayo. CT scan hupigwa pafu likiwa limejaa hewa, ilhali wakati wa upasuaji hunywea, hivyo umbali uliopimwa kwenye skrini hubadilika. Picha zikiwa hafifu, nacho huwa hafifu.

Nina kikohozi cha muda mrefu, nikakiombe hospitali ya KCMC hapa Moshi?

Hapana, kwa sababu hakitambui saratani. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi huanza na kipimo cha makohozi kutafuta kifua kikuu. Dawa zisipoleta nafuu, au ukikohoa damu na kukonda, rudi uulize kuhusu CT scan na kuchukuliwa kinyama cha uvimbe kwa uchunguzi. Kielelezo huja baada ya hayo yote, upasuaji ukishaamuliwa.