Uigaji si darubini

Juzi kijiweni Magomeni kijana mmoja alituhakikishia kwamba kompyuta "imeshaona" gesi iliyobaki chini ya kisiwa cha Songo Songo, kule Kilwa. Wamepiga simulesheni, akasema, kama mtu anayesema wamepiga eksirei.

Maana ya simulesheni, yaani uigaji, ni hii, kwa haraka. Mwamba wenye mafuta au gesi hugawanywa ndani ya kompyuta kuwa visanduku, maelfu hata mamilioni. Kila kimoja hupewa shinikizo lake, kiasi cha vitundu vyake na wepesi wake wa kupitisha kitu. Kisha huhesabiwa, hatua kwa hatua, gesi, mafuta na maji vinahamaje toka kimoja kwenda jirani yake. Kanuni ya kuhama ni ya Henry Darcy, Mfaransa aliyechapisha mwaka 1856 majaribio ya kupitisha maji kwenye mchanga. Mafuta hayakuwa kazi yake. Alihangaika na maji ya mji wa Dijon.

Nimesema mwamba, si ziwa. Kahawa ilipomwagika pale kijiweni juu ya tofali tulilofanya meza, haikutuama: ilinywewa, doa likawa linatambaa. Chini huko ni hivyohivyo.

Sasa neno lenyewe. Wapo wanaoandika "maigizo ya kompyuta", nami hunikera. Mwigizaji anajua hadithi inaishaje kabla pazia halijafunguliwa. Huku ni kuiga, na anayeiga lazima awe na cha kufuatisha. Kiswahili cha zamani kina kitenzi kugeza, ndicho kilichotuzalia kigezo. Mpelekee fundi wa Kariakoo kitambaa pamoja na gauni lako la zamani, atashona likukae. Mpelekee mkono mmoja tu wa gauni, mkono utalingana, kiuno atakisia.

Kigezo cha chini ya ardhi ni visima, na ni vichache. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikaanza kutumika Dar mwaka 2004, kwa hiyo ipo miaka zaidi ya 20 ya kumbukumbu za uzalishaji. Mhandisi huchezea tarakimu za mwamba mpaka hesabu zake zifanane na kumbukumbu za visima. Zikifanana, watu hupeana mikono. Lakini hifadhi kubwa ya gesi, na ndogo inayosukumwa na maji kutoka chini, zinaweza kushikilia shinikizo kwa namna inayokaribiana miaka ya mwanzo. Historia moja, miamba miwili. Kompyuta haijui uko juu ya upi; imeambiwa.

Nikamwambia yule kijana, "Mdogo wangu, sema hivi: kwa uigaji uliolinganishwa na visima mpaka mwaka fulani, inakadiriwa imebaki kiasi fulani."

"Mzee, hiyo ndefu mno kwa kijiweni," akajibu.

Nikamwagizia kahawa nyingine, maana kwa hilo alikuwa sahihi.