Uwiano wa msukumo kwa uzito katika droni ya kujitengenezea

Uwiano wa msukumo kwa uzito ni hesabu inayolinganisha nguvu ambayo mota zote za droni zinaweza kuitoa kwa pamoja na uzito wa droni hiyo ikiwa tayari kuruka, pamoja na betri na chochote inachobeba. Ikiwa kila mota kati ya nne inaweza kuinua gramu 600 (mafundi hupima msukumo kwa gramu, ingawa fizikia ingetaka nyutoni), msukumo wote ni gramu 2,400, na droni yenye uzito wa gramu 1,200 itakuwa na uwiano wa 2 kwa 1. Anayetaka kuunda droni ya mapangaboi manne kwa fedha kidogo jijini Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, anapaswa kuifanya hesabu hii kabla hajanunua hata skrubu moja.

Si sahihi kudhani kwamba msukumo unaozidi uzito kidogo tu unatosha kwa kuwa droni itanyanyuka. Chombo hiki hakina mabawa wala usukani. Hujiweka sawa kwa kuongeza kasi ya mota za upande mmoja na kupunguza ya zile za upande wa pili, mara nyingi sana katika kila sekunde. Mota ambayo tayari inazunguka kwa nguvu zake zote ili droni isianguke haina cha kuongeza upepo unapoisukuma, na hapo droni hubinuka. Zaidi ya hayo, droni husonga mbele kwa kuinama, na ikiinama nyuzi 30 ni takribani asilimia 87 tu ya msukumo inayobaki kuishikilia hewani. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, kwa hiyo kwenye ufuko wa Mwanza droni hulazimika kuinama hata inapotakiwa kusimama mahali pamoja. Ndiyo maana uwiano wa 2 kwa 1 huchukuliwa kuwa kiwango cha chini.

Mwanza ina jambo jingine ambalo majedwali ya wauzaji hayalitaji. Uso wa Ziwa Victoria uko mita zipatazo 1,135 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takribani sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam. Joto la alasiri huipunguza zaidi. Pangaboi linalozunguka kwa kasi ileile hupata hewa kidogo ya kusukuma. Zile gramu 2,400 za mfano wetu, ikiwa zilipimwa pwani, hubaki takribani 2,160, na uzito wa droni haupaswi tena kuzidi gramu 1,080.

Hapo ndipo unafuu wa bei unapodanganya. Fremu ya vipande vya bomba la aluminiamu vilivyobaki kwa fundi madirisha hugharimu kidogo, lakini ikizidi uzito itadai mota kubwa, na mota kubwa zitadai betri kubwa. Binafsi ningebana matumizi kwenye fremu na miguu, kamwe si kwenye mota wala mapangaboi. Kuongeza betri ya pili hakuongezi muda wa kuruka mara mbili, kwa kuwa sehemu ya nishati yake hutumika kuibeba betri yenyewe; na kadiri chaji inavyopungua, volti hushuka na msukumo hushuka nazo. Anayetaka kurukia juu ya maji akafunga maboya ya povu ayahesabu pia.

Mwaka 2018 dawa zilijaribiwa kupelekwa kisiwani Ukerewe, ndani ya ziwa hilo, kwa ndege isiyo na rubani iliyopaa wima kisha ikasafiri kwa mabawa, kwa sababu chombo kinachoning'inia kwenye mapangaboi pekee hula nishati nyingi mno kwa safari ndefu.

Msukumo halisi unaweza kupimwa nyumbani. Mota hufungwa imara juu ya gogo zito lililowekwa kwenye mizani ya jikoni, pangaboi hugeuzwa juu chini, na nyaya mbili kati ya tatu za mota hubadilishana nafasi, ili hewa ipulizwe juu na mota isukumwe chini. Gramu zinazoongezeka juu ya uzito wa awali ndizo msukumo wa mota hiyo. Mpimaji avae miwani ya kukinga macho na asisimame usawa wa ncha za pangaboi, kwa maana likivunjika vipande huruka upande huo. Kabla ya kurusha chombo chenyewe, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kifuatiliwe mapema, hasa kwa kuwa uwanja wa ndege wa Mwanza uko karibu na ziwa.