Taimauti ikipita haimaanishi kazi imesimama

Wengi wanaoanza na asyncio kwenye Python (maktaba ya kuendesha kazi nyingi kwa kupeana zamu) wanadhani ukishaweka taimauti, yaani kikomo cha muda wa kusubiri, umemaliza, sekunde zikipita kazi inakatwa. Sivyo kabisa. Ukiita task.cancel(), kama taimauti inavyofanya kwa ndani, hakuna kinachokatwa papo hapo, inachofanya ni kupanga kwamba ile taski irushiwe CancelledError (kosa la kuiambia iache) pale kwenye await, yaani pale inaposubiri na kuachia wengine zamu, sasa kama humo ndani kuna time.sleep(30) au lupu ndefu ya hesabu isiyo na await hata moja, hakuna pa kuirushia, na ivent lupu nzima, ile inayogawa zamu, imeganda, hata taimauti yenyewe iko kwenye foleni inasubiri zamu!

Kingine kinachoniumiza nikikagua kazi za watu ni ile except: tupu na pass chini yake, yaani kudaka kosa lolote na kulipuuza. Zamani CancelledError ilikuwa chini ya Exception (kundi la makosa ya kawaida), ila tangu Python 3.8 ya mwaka 2019 ikahamia BaseException (kundi mama la yote), kwa hiyo siku hizi except Exception haiimezi tena, lakini ile tupu bado inaimeza yote. Ukiidaka ili ufunge koneksheni ya databesi, sawa, funga halafu andika raise iendelee kupanda. Mi usafi wote naweka kwenye finally (sehemu inayoendeshwa kosa litokee lisitokee), na natumia async with asyncio.timeout(5) iliyokuja na 3.11, inasomeka vizuri kuliko wait_for, njia ya zamani ya kuweka taimauti.

Sasa penye hela ndo pa kuwa makini haswa. Umetuma ombi la malipo ya simu, umeliwekea taimauti ya sekunde 10, zimepita, umepata TimeoutError. Wewe umeacha kusubiri, lakini ombi linaweza kuwa lilishafika, mteja kashaingiza PIN na hela imekatwa, ukituma tena kama malipo mapya unamkata mara mbili, na huyo pengine ni mama analipia dawa. Kwa hiyo kabla hujatuma, tengeneza namba yako ya muamala, ihifadhi ikiwa "inasubiri", na taimauti ikitokea usiandike "imefeli", iache hivyohivyo uulizie hali yake kwa namba ileile mpaka upate jibu la uhakika.

asyncio.to_thread, inayopeleka kazi kwenye tredi ya pembeni, nayo ni vilevile, ukikansel unaacha kusubiri tu, tredi inapiga kazi mpaka imalize, so weka taimauti na huko ndani pia, maana requests (maktaba ya kutuma maombi ya mtandao) kwa mfano haina taimauti yoyote usipoipa mwenyewe.