Je, wajua kwa nini vitenzi vichache tu vinatosha kuendesha huduma za wavuti?

Programu iliyo kwenye simu yako huweza kuomba, kubadili na kufuta taarifa katika seva iliyoundwa na watu wengine kabisa, kwa lugha tofauti ya kompyuta, na pande zote mbili zikaelewana. Zinaelewana kwa sababu zinatumia vitenzi vilevile, yaani maneno ya amri, vya itifaki ya HTTP, ambayo ni kanuni za mawasiliano ya wavuti.

Mwaka 1991, itifaki hiyo aliyoibuni Tim Berners-Lee huko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, ilikuwa na kitenzi kimoja tu, GET, cha kuomba ukurasa. Toleo la 1.0 la mwaka 1996 lilieleza pia HEAD, ya kuomba maelezo ya ukurasa bila ukurasa wenyewe, na POST, ya kutuma taarifa ili seva izishughulikie, na toleo la 1.1 lililochapishwa mwaka 1997 likaingiza rasmi PUT, ya kuweka, na DELETE, ya kufuta. Roy Fielding, mmoja wa waandishi wa toleo hilo, alifafanua msingi wake katika tasnifu ya mwaka 2000 katika University of California, Irvine: kila rasilimali, iwe picha, oda au akaunti, ipewe anwani yake, kisha zote zishughulikiwe kwa njia ileile. Kila huduma ikijitungia amri zake, anayetaka kuunganisha huduma 10 atalazimika kujifunza upya mara 10.

Hata hivyo, uchache wa vitenzi si jambo kubwa kuliko ahadi iliyofungamana na kila kimoja. GET huahidi kwamba kuomba hakutabadili kitu. PUT huweka hali fulani kwenye anwani fulani, na ukiirudia mara 3 matokeo ni yaleyale ya mara ya kwanza. DELETE nayo ni hivyo. POST haitoi ahadi hiyo. Tofauti hii huonekana mtandao unapokatika: programu imetuma ombi, jibu halikurudi, na haina njia ya kujua kama ni ombi lililopotea likienda au ni jibu lililopotea likirudi. Kama ombi lilikuwa PUT, italituma tena bila wasiwasi. Kama lilikuwa POST ya malipo, mteja anaweza kukatwa fedha mara mbili, na ndiyo maana huduma nyingi za malipo huruhusu kila ombi liambatane na namba yake ya pekee, ili seva iutambue mrudio.

Kuvunja ahadi hizi kuna gharama. Mwaka 2005, Google ilitoa programu ya kuharakisha wavuti iliyofungua viungo vya ukurasa kabla mtumiaji hajavibofya, kwa kuwa GET haipaswi kudhuru. Baadhi ya huduma zilikuwa zimefanya kiungo cha kufuta kuwa GET ya kawaida, na taarifa za watu zikafutika bila wao kugusa chochote. Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa la waliounda viungo hivyo.

PATCH, iliyosanifishwa mwaka 2010 kwa ajili ya kubadili sehemu tu ya rasilimali, ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ombi la kuongeza 1 likifika mara mbili huongeza 2. Kinga yake ni seva kuipa kila hali ya rasilimali alama, ambayo mwombaji huirudisha pamoja na badiliko lake. Ikiwa alama hiyo imeshapitwa na wakati, seva hulikataa badiliko kwa jibu namba 412, na mwombaji hulazimika kusoma hali mpya kabla ya kujaribu tena.