Kabla Hujatoboa Sailensa ya Pikipiki

Wengi wanaoleta pikipiki karakanani wakitaka mlio mwingine huja wameshaamua: ama sailensa (mkebe wa kupunguza kelele kwenye bomba la moshi) itobolewe, ama vizuizi vya ndani ving'olewe, ama bomba likatwe lote. Siwalaumu. Mlio ni sehemu ya raha ya pikipiki, na watengenezaji wanalijua hilo. Mwaka 1994 kampuni ya Harley-Davidson iliomba mlio wa injini yake usajiliwe nchini Marekani kama alama ya biashara, ikawekewa pingamizi na washindani wake, na mwaka 2000 ikaliondoa ombi lenyewe.

Mlio ule uliogombaniwa hauzaliwi kwenye bomba. Silinda mbili za injini hiyo zimepishana kwa nyuzi 45 na konrodi zake zote mbili (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, yaani mhimili unaozunguka) zimeshikwa na pini moja ya krenki, kwa hiyo mishindo haifuatani kwa nafasi sawa: mmoja huja baada ya nyuzi 315 za mzunguko, mwingine baada ya nyuzi 405. Ndiyo maana inalia kama inayochechemea. Injini ya silinda moja ya mipigo minne nayo ina sheria yake: shindo moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni mishindo 50 kwa sekunde, na hakuna bomba duniani litakaloifanya ilie kama silinda nne. Bomba na sailensa huamua tu ni sehemu gani ya sauti hiyo itoke nje na ipi ibaki ndani.

Valvu ya kutolea moshi inapofunguka, gesi ya silinda bado ina joto kali na mgandamizo mkubwa. Hutoka kwa kishindo, na wimbi la mgandamizo hukimbia mbele yake ndani ya bomba. Sailensa hulipunguza wimbi hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni vyumba na vibomba vya ndani vinavyolirudisha likutane na mengine, yadhoofishane. Njia hii hufaa zaidi kwa sauti nzito. Ya pili ni bomba lenye matundu lililofungwa sufu ya kioo au ya chuma, ambayo humeza sauti na kuigeuza joto, na hufaa zaidi kwa sauti kali za juu. Sailensa nyingi zinazotoka kiwandani hutegemea zaidi njia ya kwanza, na nyingi za kununua pembeni ni za njia ya pili.

Kwa hiyo anayechukua drili na kutoboa mkebe wa sailensa mara nyingi hapati mvumo mzito alioutamani. Anapata ukali na mpasuko, na matundu hayo hayazibiki vizuri tena. Vilevile, sailensa ya sufu ikianza kupiga kelele baada ya muda, huenda sufu imeungua tu. Ifunguliwe, iwekwe mpya, na kazi imekwisha.

Kuhusu nguvu, kuna madai mawili yanayopingana, na yote yana kasoro. Wapo wanaosema moshi ukitoka bila kizuizi chochote nguvu huongezeka, na wapo wanaosema injini inahitaji kubanwa kidogo kwa nyuma. Injini haihitaji kubanwa. Inachohitaji ni wimbi lirudi kwa wakati. Wimbi la mgandamizo likifika mwisho wa bomba ulio wazi, hurudi likiwa wimbi la mvuto. Likifika silindani wakati valvu ya kuingiza na ya kutoa ziko wazi kwa pamoja, linavuta masalia ya moshi na kusaidia hewa mpya kuingia. Wahandisi huchagua urefu na kipenyo cha bomba kwa ajili hiyo. Ukilikata, wimbi hurudi mapema mno, na mara nyingi pikipiki hupoteza nguvu kwenye mizunguko ya chini na ya kati, ambako ndiko unakoendeshea karibu siku nzima. Mwendeshaji hushangaa ukimwambia hivyo, kwa sababu sikio hudhani kelele ni nguvu.

Kwa injini za mipigo miwili hali ni mbaya zaidi. Lile tumbo la bomba lao, ambalo mhandisi Walter Kaaden wa kampuni ya pikipiki ya MZ huko Ujerumani Mashariki aliliendeleza sana katika miaka ya 1950, ndilo linalosukuma mchanganyiko mpya uliotoroka urudi silindani kabla tundu la kutolea moshi halijafungwa. Kulikata ni sawa na kukata sehemu ya injini.

Kisha kuna mafuta. Petroli huungua kikamilifu kwa uwiano wa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Bomba likibadilika, mtiririko wa hewa hubadilika, lakini kabureta, inayochanganya hewa na mafuta, haijui. Mchanganyiko ukikosa mafuta ya kutosha, injini hupata joto kupita kiasi na bomba hupiga mishindo ukiachia kishikio cha mafuta. Vijana wengine huifurahia mishindo hiyo. Fundi huiona kama dalili. Huenda jeti (kitundu cha kabureta kinachopima mafuta) ibadilishwe, na rangi ya plagi ikaguliwe. Kwenye mfumo wa sindano, ambamo kompyuta hupima mafuta badala ya kabureta, sensa ya oksijeni husahihisha kwa kiasi fulani tu, na gasketi (kizibo cha maungio) ikivujisha hewa kati ya injini na sensa hiyo, kompyuta hudanganyika na kumimina mafuta yasiyohitajika. Ukitoa katalisti nayo, yaani kifaa cha kusafisha moshi, unaachia nje monoksidi ya kaboni na mafuta yasiyoungua ambayo ingeyageuza.

Wa kwanza kuumizwa na kelele ni mwendeshaji mwenyewe. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza mtu asizidishe saa 8 kwenye desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda ukatwe nusu. Kwenye desibeli 100 zimebaki dakika 15.

Utetezi kwamba kelele huokoa maisha una pengo. Uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki eneo la Los Angeles, ulioongozwa na Harry Hurt na kutolewa mwaka 1981, ulionyesha kuwa zaidi ya robo tatu ya hatari zilikuwa mbele, ndani ya nyuzi 45 kushoto au kulia kwa mwendeshaji. Bomba limeelekezwa nyuma.

Ukitaka kubadilisha, nunua sailensa iliyoidhinishwa kwa modeli yako. Kanuni ya 92 ya Umoja wa Mataifa inahusu sailensa za kubadilishia pikipiki, na zilizopasishwa chini ya kanuni hiyo huwa na alama ya E ndani ya duara. Ukichomoa kizuizi chake cha ndani, kibali hicho hakina maana. Ile ya awali itunze, kwani mkaguzi au mnunuzi anaweza kuitaka. Weka gasketi mpya kila unapofungua, kaza nati injini ikiwa baridi, tembea kidogo, iache ipoe, kisha kaza tena. Baada ya siku chache tazama kwenye maungio: ukiona masizi meusi, moshi unavuja hapo.