Vichupo vya kutazamia, madirisha ya kuhamishia

Tangu Windows 11 ipate vichupo (tabs, yaani folda kadhaa ndani ya dirisha moja) kwenye File Explorer, programu yake ya kutazamia mafaili, mwaka 2022, wengi ninaowahudumia maofisini wameacha kabisa kufungua madirisha mawili. Wenye Mac walishavizoea tangu 2013, na wa Linux kabla yao. Nami navitumia kutwa: Ctrl+T kufungua, Ctrl+W kufunga, na upau wa chini haujai madirisha. Ila kazi ikiwa ni kuhamisha mafaili, narudi kwenye madirisha mawili.

Kichupo kinaficha. Mhasibu mwenye folda ya Risiti ndani ya 2023 na nyingine ndani ya 2024 ataona vichupo viwili vimeandikwa "Risiti", basi. Kipi ni cha mwaka upi? Hajui mpaka abofye.

Bonyeza Windows+E mara mbili. Dirisha moja lipeleke kushoto kwa Windows na mshale, jingine kulia. Sasa unaona faili linakotoka na linakokwenda, na ukiweka mwonekano wa maelezo, unalinganisha ukubwa na tarehe kabla ya kufuta kilichopo. Si ugunduzi wa leo. Norton Commander, programu ya zamani ya kusimamia mafaili, ilikuwa na paneli mbili tangu 1986, na Dolphin, programu ya mafaili ya Linux, hugawanya dirisha kwa F3. (Kwa nini Windows haijaweka kitufe kama hicho mpaka leo, mimi sielewi.)

Kuna na hili linalowaponza wengi. Ukiburuta faili kutoka folda moja hadi nyingine kwenye diski ileile, linahama. Ukiliburuta hadi kwenye flashi, linanakiliwa. Karani anaburuta mikataba kwenda folda ya "Nakala" humohumo kwenye diski D, anaamini sasa anayo sehemu mbili, kumbe imehama yote. Kwa madirisha mawili angeona upande wa kushoto unabaki mtupu, akapiga Ctrl+Z papo hapo. Ukitaka nakala, shikilia Ctrl unapoburuta. Ukitaka kuhamisha hata kwenda flashi, shikilia Shift.

Kwenye kilaptopu cha inchi 11 madirisha mawili yanabanana hadi majina ya mafaili yanakatika. Hapo tumia vichupo, lakini usiburute: kata kwa Ctrl+X, nenda kichupo cha pili, soma anwani ya folda pale juu, ndipo ubandike.