Je, Wajua? Undertaker Alidumuje Ulingoni Miaka 30?

Tarehe 22 Novemba 1990, mjini Hartford, jimbo la Connecticut, mwanamieleka Ted DiBiase alimleta ulingoni mtu wa nne wa timu yake, ambaye watazamaji walikuwa hawajaambiwa ni nani. Likatokea jitu la mita 2.08, koti refu jeusi, kofia pana, glavu za kijivu, uso umepauka kama wa maiti. Halikukimbia, halikupiga kelele. Muda si muda lilikuwa limemgeuza Koko B. Ware kichwa chini, miguu juu, na kumtoa kwenye pambano. Miaka 30 baadaye, tarehe hiyohiyo ya 22 Novemba, mwaka 2020, mtu yuleyule alisimama ulingoni akiwa na umri wa miaka 55 na kuaga.

Huyo ndiye Undertaker, mwanamieleka wa WWE, kampuni ya mieleka ya kulipwa ya Marekani. Jina lake halisi ni Mark Calaway, mzaliwa wa Houston, Texas, mwaka 1965. Katika muda huo alitwaa mikanda mikuu ya WWE mara 7: wa WWF, uliokuja kuitwa wa WWE, mara 4 (1991, 1997, 1999, 2002), na ule wa World Heavyweight mara 3 (2007, 2008, 2009). Bret Hart, aliyekuwa upande wa pili usiku ule wa Hartford, alilazimika kuacha kazi mwaka 2000 kwa sababu ya mtikisiko wa ubongo. Undertaker aliwezaje kuendelea miaka 20 zaidi?

Jibu la haraka ambalo mashabiki wengi hulitoa ni kwamba alibadilisha sura mara kwa mara. Ni kweli, ila ni nusu ya jibu. Kila alipobadilisha nguo alibadilisha pia namna ya kuutumia mwili wake, na hapo ndipo siri ilipo.

Tuanze na kinachomchosha mwanamieleka. Mshindi wa mieleka ya kulipwa hupangwa kabla, lakini kuanguka hakupangiki kukawa kwa uongo. Ulingo wa WWE ni mraba wa takriban mita 6 kwa 6: chini kuna vyuma, juu yake mbao, kisha sponji nyembamba, kisha turubai. Anayeangushwa hufundishwa kukunja kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, kutua kwa sehemu pana ya mgongo wa juu, kufungua mikono na kupiga turubai kwa viganja ili kishindo kisambae, na kutoa pumzi anapotua. Ukichelewa kukunja kidevu, ubongo unatikisika. Ukitua kwa kiuno, pingili za mgongo wa chini ndizo zinazobeba uzito wote. Hata anayefanya sawasawa kabisa anaumia kidogo kila mara. Kwa mtu wa kilo 140, kila mwanguko ni mzito kuliko wa mwenzake wa kilo 90, kwa hiyo akiba ya mianguko yake huisha mapema zaidi.

Sasa tazama uhusika ule wa kwanza wa mfu anayetembea. Maiti hasikii maumivu. Akipigwa ngumi, anasimama tu. Akipigwa tatu, anayumba. Mpinzani atoke jasho dakika nzima ndipo amwangushe mara moja, na akiangushwa, analala chali kimya halafu anainuka kiwiliwili wima bila kutumia mikono, kama mlango unaofunguka. Watazamaji waliona tisho. Mwanamieleka alipata sekunde kumi za kulala na kupumua bila mtu kulalamika kwamba pambano limepoa. Tena hakuhitaji kuongea: Paul Bearer, meneja wake tangu 1991, ndiye aliyebeba maneno yote pamoja na chungu cha majivu. Bearer alikuwa amesomea kweli kazi ya kuandaa maiti kabla ya kuingia kwenye mieleka, na ndiyo maana hakuonekana kama anaigiza.

Uhusika huo ulimpa mkanda wa kwanza haraka. Tarehe 27 Novemba 1991, mwaka mmoja na siku chache baada ya Hartford, alimshinda bingwa Hulk Hogan. Alikaa nao siku 6 tu. Mfu hakuhitaji mkanda ili aogopwe, na waandaaji walilijua hilo.

Silaha yake kubwa, Tombstone, inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu inaonyesha jinsi alivyokuwa makini. Anamnyanyua mpinzani na kumgeuza kichwa chini, matumbo yao yakiangaliana. Anafunga mikono kiunoni mwa mpinzani na kumkaza kifuani. Mpinzani naye anakumbatia mapaja ya Undertaker na kuingiza kichwa katikati yake. Kabla ya kushuka, lazima utosi uwe juu ya usawa wa magoti, si chini yake. Kisha Undertaker anapiga magoti. Magoti na miundi ndivyo vinavyogonga turubai, na kishindo unachokisikia ni cha mbao chini ya magoti hayo. Kati ya utosi na turubai panabaki nafasi ndogo, na nafasi hiyo ndiyo inayolinda shingo.

Inaharibikaje? Jasho likifanya mikono iteleze, mwili unashuka sentimita chache na nafasi inaisha. Mpinzani mrefu mno, kichwa chake kinapita magoti. Kosa baya zaidi ni kukaa badala ya kupiga magoti. Katika SummerSlam, onyesho la WWE, ya tarehe 3 Agosti 1997, Owen Hart alimfanyia Steve Austin pigo la aina hii na akatua kwa makalio. Mapaja yalilala chini, nafasi ikatoweka, na kichwa cha Austin ndicho kilichotangulia. Alilala pale hawezi kusogeza viungo kwa muda, na shingo ile ilichangia kumstaafisha mwaka 2003. Baadaye WWE ilikataza mapigo ya kichwa chini, lakini Undertaker na Kane, ndugu yake katika hadithi, waliachwa waendelee na Tombstone. Ni heshima kubwa kwa kazi ya mikono yao.

Heshima hiyo ilikuwa na gharama. Hesabu mwenyewe: kilo 140 zake na kilo 110 za mpinzani ni kilo 250 zinazoshushwa juu ya magoti mawili, karibu kila anapopanda ulingoni.

Kutembea juu ya kamba nako kulikuwa na fundi wake. Alishika mkono wa mpinzani, akaupinda, akapanda kona, kisha akatembea juu ya kamba ya juu kabla ya kuruka na kumpiga begani. Anayetazama humsifu anayetembea. Asifiwe pia anayeshikwa mkono, kwa maana mkono huo ndio mguu wa tatu. Mpinzani anaukaza na kwenda sambamba naye, hatua kwa hatua. Akilegeza mkono au akitangulia nusu hatua, kamba inacheza na jitu linaanguka.

Katikati ya miaka ya 1990 uhusika ulianza kuchuja. Alipangiwa majitu wenzake, na majitu wawili wazito hufanya pambano zito. Jeraha nalo lilimfuata: mwaka 1995 alivunjika mfupa unaozunguka jicho na kurudi amevaa kinyago. Mkombozi wake alikuwa Mick Foley, wakati huo akiitwa Mankind, aliyeingia mwaka 1996. Foley alikuwa tayari kuanguka popote, na Undertaker akalazimika kuongeza kasi. Tarehe 5 Oktoba 1997 alipambana na Shawn Michaels katika pambano la kwanza la Hell in a Cell, yaani ndani ya kizimba cha waya chenye paa, na usiku huohuo akaingia Kane. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Juni 1998 mjini Pittsburgh, alimtupa Foley kutoka juu ya kizimba hicho, takriban mita 5, hadi kwenye meza ya watangazaji. Picha hiyo inajulikana kuliko mikanda yake yote. Ni halali kusema kwamba sehemu ya umaarufu wa Undertaker imelipwa na mwili wa Foley.

Mwaka 1999 alikuwa kiongozi wa kundi la giza, na majeraha yakamtoa ulingoni miezi mingi. Aliporudi, tarehe 21 Mei 2000, koti halikuwepo. Aliingia na pikipiki, kitambaa kichwani, miwani ya jua. Wapo mashabiki ambao hawajalisamehe badiliko hili hadi leo. Kwa maoni yetu ndilo lililookoa kazi yake. Zama zile watazamaji walitaka watu wanaoongea, wanaotukana, wanaovuja damu, na maiti asiyefungua mdomo asingefika mbali. Mtu wa pikipiki aliweza kuumia hadharani, kuchechemea, hata kukimbia. Aliruhusiwa kupigana kwa ngumi za bondia, na mapenzi yake kwa ndondi yalionekana. Tombstone ikawekwa kando kwa sehemu kubwa, ikaingia Last Ride: anamnyanyua mpinzani hadi mabegani, anamsukuma juu zaidi, kisha anamtupa kwa mgongo. Hapo uzito unabebwa na miguu na mgongo akiwa amesimama, na magoti yanapumzika.

Tarehe 14 Machi 2004, Madison Square Garden mjini New York, mfu alirudi. Paul Bearer mbele, mienge pande zote, kofia kichwani. Lakini hakuwa yule wa 1990. Alikuwa amechanganya wote wawili: mwendo wa maiti hadi kengele inapolia, kisha ngumi za mtu wa pikipiki. Mwaka 2008 aliongeza Hell's Gate, kabali ya kumnyonga mpinzani kwa muundi huku yeye mwenyewe amelala chali. Kwa mwanamieleka mwenye miaka zaidi ya 40 hilo lilikuwa chaguo la akili sana, kwani pambano liliweza kuisha bila yeye kumnyanyua mtu.

Kisha kuna rekodi ya kutoshindwa katika WrestleMania, onyesho kubwa la WWE la kila mwaka. Ilianza tarehe 24 Machi 1991 alipomshinda Jimmy Snuka, na haikuzungumzwa sana hadi ilipokaribia 10. Mwaka 2002 mjini Toronto, baada ya kumshinda Ric Flair, alihesabu vidole vyote kumi mbele ya umati, na kuanzia hapo rekodi ikageuka kuwa kitu cha kugombewa. Mkanda wa ubingwa unamtaka bingwa awe barabarani mwaka mzima akiutetea. Rekodi hii ilihitaji kutetewa usiku mmoja kwa mwaka. Mwili wake ulipokuwa hauwezi tena safari za kila wiki, bado alikuwa na kitu ambacho kila bingwa mpya alikitamani. Kuanzia 2012 mapambano yake kwa mwaka mara nyingi yalikuwa ya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Alifikisha ushindi 21 mfululizo, na mwaka 1994 na 2000 hakushiriki.

Njia hiyo nayo ina hatari yake. Wanaocheza kila wiki hubaki na wepesi wa kupima umbali, mkono unajua pa kushika. Anayecheza mara moja kwa mwaka huingia na viungo vikavu. Tarehe 6 Aprili 2014 mjini New Orleans, Brock Lesnar aliikata rekodi, na Undertaker alipata mtikisiko wa ubongo katika pambano lenyewe. Tarehe 7 Juni 2019 mjini Jeddah alikutana na Goldberg, naye akiwa amevuka miaka 50. Goldberg alijigonga kichwa kwenye nguzo ya ulingo, akapoteza mwelekeo, kisha akajaribu kumnyanyua Undertaker wima na kumgeuza hewani. Pigo hilo linahitaji anayenyanyua awe imara hadi mwisho ili anayetupwa atue kwa mgongo. Nguvu ziliisha njiani, na Undertaker akashuka kwa kichwa na shingo. Alikuwa na miaka 54. Sentimita chache pembeni, na habari ingekuwa nyingine kabisa.

Kabla ya hapo, tarehe 2 Aprili 2017, baada ya kushindwa na Roman Reigns, alikuwa amevua glavu, koti na kofia na kuviacha katikati ya ulingo. Kila mtu aliamini amemaliza. Alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akarudi.

Pambano lake la mwisho, lililorushwa Aprili 2020, lilichezwa bila watazamaji, usiku, kwenye makaburi ya kutengenezwa, dhidi ya AJ Styles. Lilipigwa kama filamu: tukio linaweza kukatwa, kurudiwa, kupigwa upande mwingine, na mchezaji anapumzika kati ya picha na picha. Hakuna mwanguko uliolazimika kufuatwa na mwingine papo hapo. Akaingia na pikipiki, amevaa kama mwaka 2000, akapigana pembeni ya kaburi lililo wazi, kazi ya mwaka 1990. Mwisho akamfukia Styles, mkono mmoja wenye glavu ukibaki umechomoza kwenye udongo, naye akapanda pikipiki akaondoka.